Mlinzi Asiyemjua Mgeni: Maonyo ya Usalama ya Tarakilishi na Programu Tunazoziamini

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kufafanua jambo ambalo takriban kila mwanafunzi wa Kiswahili anayetumia tarakilishi hukumbana nalo, ilhali hatulijadili madarasani. Mtu hupakua programu aliyoelekezwa na mhadhiri wake, akaibofya ili aitumie, na badala ya programu kufunguka, kisanduku cha onyo hutokea na kumzuia. Wapo wanaoogopa, wakaiacha kazi. Wapo pia wanaobofya chochote mradi kisanduku kiondoke. Wengine huamua kuzima ulinzi wote wa tarakilishi. Hoja ya makala haya ni kwamba onyo hilo ni matini kama matini nyingine: lina msemaji, lina maana mahususi, na anayelisoma kwa makini huweza kulijibu bila kujihatarisha.

Suala hili haliwahusu mafundi wa mitambo peke yao. Utafiti wa lugha na fasihi siku hizi hutegemea programu. Anayechunguza matamshi hutumia Praat, iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Anayenukuu masimulizi hatua kwa hatua pamoja na sauti yake hutumia ELAN, kazi ya Taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen, Uholanzi. Anayetaka kujua neno fulani limetumiwa mara ngapi katika riwaya nzima hutumia AntConc ya Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani. Anayesafisha sauti iliyorekodiwa hutumia Audacity. Programu hizi hupatikana bila malipo, na baadhi yake watumiaji wake ni wachache mno wakilinganishwa na watumiaji wa programu za ofisini. Kama tutakavyoona, uchache huo ni sababu mojawapo ya programu ya namna hii kutiliwa shaka.

Mifano ya makala haya inatokana na mazingira ya Chepsaita, eneo la Turbo katika Kaunti ya Uasin Gishu, upande wa magharibi wa jiji la Eldoret. Chepsaita hujulikana kwa mahindi na maziwa na, tangu mwaka 2022, kwa mbio za nyika zinazobeba jina lake. Mtafiti wa fasihi simulizi anayefanya kazi katika mazingira kama hayo huwa na tarakilishi moja ya mkononi, data ya simu inayonunuliwa kwa kipimo, na umeme unaoweza kukatika wakati wowote. Ndani ya tarakilishi hiyo mna sauti za wazee. Faili hizo zikiharibiwa na programu hasidi, huenda msimulizi asiwepo tena wa kusimulia upya. Aidha, programu ya kuzinukuu ikikataa kufunguka, tasnifu haisongi mbele. Hayo mawili ndiyo yanayogongana ndani ya kisanduku kidogo cha onyo.

Chimbuko la Maonyo

Ni vyema kuelewa kwanza kwa nini mlinzi huyu aliwekwa mlangoni. Mnamo Mei 2000, barua pepe yenye kichwa cha maneno ya mapenzi ilienea duniani kwa muda wa saa chache. Iliambatishwa faili ambayo kwa macho ilionekana kuwa barua ya kawaida ya maandishi. Kwa hakika ilikuwa programu, kwani Windows ilikuwa imeficha herufi za mwisho za jina la faili. Waliofungua barua walidhani wanasoma, kumbe wanaamuru. Mamilioni ya tarakilishi yaliathirika.

Tukio hilo na mengine yaliyolifuata yaliwalazimisha waundaji wa mifumo endeshi kubadili mwenendo. Mnamo Agosti 2004, kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la pili la maboresho ya Windows XP, lililoanza kumuuliza mtumiaji kabla ya kufungua faili iliyotoka mtandaoni. Windows Vista, iliyotolewa kwa umma Januari 2007, iliongeza ombi la ruhusa kila programu ilipotaka kugusa sehemu nyeti za mfumo. Watu walilalamika kwamba maswali yamezidi, na toleo la Windows 7 la mwaka 2009 likayapunguza. Mwaka 2012, Windows 8 ikaja na kichujio kiitwacho SmartScreen ndani ya mfumo wenyewe, na mwaka huohuo kampuni ya Apple ikaweka mlinzi wake aitwaye Gatekeeper katika tarakilishi za Mac.

Malalamiko ya enzi ya Vista yana funzo. Mlinzi anayeuliza kila anayepita, hata watoto wa nyumbani, mwishowe hapewi jibu la maana. Mtumiaji huzoea kusema "ndiyo" kabla hajasoma swali. Mazoea hayo ndiyo hatari kubwa, maana siku swali litakapokuwa la kweli, jibu litakuwa lilelile la mazoea.

Sauti Tatu za Mlinzi

Kosa linalotokea aghalabu ni kuyachukulia maonyo yote kuwa kitu kimoja. Msomaji makini atatambua kwamba mlinzi ana sauti tatu, na kila sauti inahitaji jibu lake.

Sauti ya kwanza husema: "Simtambui huyu." Hii ndiyo sauti ya SmartScreen katika kisanduku cha buluu kinachotangaza kwamba Windows imeilinda tarakilishi yako dhidi ya programu isiyotambuliwa. Tuzingatie neno hilo: isiyotambuliwa. SmartScreen huangalia sifa ya faili, yaani kama imekwisha kupakuliwa na watu wengi bila madhara, na kama muundaji wake anajulikana. Programu ya wataalamu wa fonetiki, au toleo jipya lililotolewa juzi, huenda lisiwe na sifa hiyo bado. Anayefika kijijini kwa mara ya kwanza si mwizi kwa sababu tu hakuna anayemjua. Hata hivyo, si mwaminifu kwa sababu tu amevaa vizuri. Sauti hii inatutaka tuulize zaidi.

Sauti ya pili husema: "Huyu anaomba ufunguo." Hapa mfumo unaeleza kwamba programu inataka kufanya mabadiliko katika tarakilishi, kwa mfano kujisakinisha kwa watumiaji wote. Katika Windows 10 na 11, kisanduku huwa na utepe wa buluu ikiwa jina la muundaji limethibitishwa, na wa manjano ikiwa halijulikani. Swali la kujiuliza ni kama ombi hilo linalingana na kazi. Programu inayosakinishwa ina sababu ya kuomba ufunguo. Faili inayodaiwa kuwa shairi au karatasi ya mtihani haina sababu yoyote.

Sauti ya tatu husema: "Huyu namjua, ni mwovu." Hii ni kauli ya programu ya kupambana na virusi inayotaja jina la tishio na kuifungia faili. Ni kweli kwamba programu hizo huweza kumshika asiye na hatia. Lakini mzigo wa uthibitisho sasa umehamia kwa mtumiaji, na jibu la kwanza liwe kutofungua. Faili yenyewe inaweza kupelekwa kwenye tovuti ya VirusTotal, ambako hukaguliwa na makumi ya programu za aina hiyo kwa pamoja. Ikumbukwe tu kwamba kinachopelekwa huko huweza kuonwa na watafiti wengine wa usalama. Kwa hiyo tupeleke programu, kamwe tusipeleke rekodi za wasimulizi wetu.

Jina la Mtunzi na Idadi ya Beti

Je, mlinzi hutambuaje mgeni? Wanafunzi wa fasihi wana njia nyepesi ya kulielewa jambo hili. Washairi wa tenzi za kale za pwani, hasa za Lamu na Pate, walizoea kuhitimisha utungo kwa kujitaja jina, kutaja tarehe na, katika baadhi ya tenzi, kutaja idadi ya beti. Desturi hiyo ilikuwa na kazi. Jina lilionyesha utungo ni wa nani. Idadi ya beti ilimwezesha mnakili wa baadaye kujua kama nakala aliyonayo imepunguzwa au imeongezwa. Tarakilishi hutumia mambo hayohayo mawili.

La kwanza ni sahihi ya kidijitali, inayolingana na jina la mtunzi. Muundaji hupata cheti kutoka kwa taasisi inayothibitisha utambulisho wake, kisha huitia programu yake sahihi kwa hesabu ambazo mwingine hawezi kuziiga bila kuwa na ufunguo wake wa siri. Inafanana na barua ya chifu yenye muhuri: mwenye ofisi anayeipokea haijui familia yako, lakini anaujua muhuri. Tatizo ni kwamba muhuri huu hugharimu pesa. Kwa mfano, muundaji anayetaka kutia sahihi programu za Mac kwa njia inayokubaliwa na Apple hulipa dola 99 kila mwaka, na programu hiyo sharti ipelekwe kwa Apple ikaguliwe kwanza. Mhadhiri aliyeunda programu ndogo ya kuhesabu mizani na kuigawa bure huenda asilipe. Programu yake itazuiwa ingawa haina doa.

La pili ni alama ya vidole ya faili, inayolingana na idadi ya beti. Kanuni iitwayo SHA-256 huisoma faili yote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Hapa tarakilishi inampita mnakili wa Lamu. Idadi ya beti haiwezi kufichua neno moja lililobadilishwa, ilhali alama ya vidole hubadilika kabisa hata herufi moja tu ikibadilika. Waundaji wengi huichapisha alama hiyo katika tovuti zao. Kwenye Windows, mtumiaji hufungua dirisha la amri na kuandika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Mac huandika shasum -a 256 na jina la faili. Mfuatano unaotolewa hulinganishwa na ule uliochapishwa. Kazi hii huchukua chini ya dakika moja.

Manufaa yake yalidhihirika Mei 2017. Mojawapo ya seva mbili zilizokuwa zikigawa programu ya video iitwayo HandBrake ilivamiwa, na toleo la Mac likabadilishwa na kutiwa programu hasidi. Kwa siku kadhaa, waliopakua walikuwa na takriban nafasi nusu kwa nusu ya kupata nakala mbovu. Jina lilikuwa sahihi na tovuti ilikuwa sahihi. Aliyelinganisha alama ya vidole ndiye aliyeweza kubaini kwamba utungo si ule wa mtunzi.

Ukimya wa Flashi

Kuna jambo moja ambalo ni muhimu zaidi katika mazingira yetu kuliko katika miji yenye intaneti ya kasi. Windows hujuaje kwamba faili ilitoka mtandaoni? Kivinjari kinapoipakua, huiwekea alama ya siri inayoeleza asili yake. Alama hiyo haikai ndani ya faili bali kando yake, katika mpangilio wa diski uitwao NTFS. Flashi nyingi tunazotumia zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, mipangilio isiyoweza kuhifadhi alama hiyo. Kwa hiyo programu ikipakuliwa Eldoret, ikanakiliwa kwenye flashi na kufikishwa Chepsaita, alama ya asili huwa imedondoka njiani, na tarakilishi inayoipokea huweza kuifungua pasipo kuuliza lolote.

Msomaji ataona kinaya kilichopo. Programu iliyopakuliwa moja kwa moja kutoka kwa muundaji huzuiwa, na ileile iliyopitia mikono ya watu watano na tarakilishi mbili za saiba hupita kimya. Mtumiaji asiyejua chanzo cha ukimya huo huhitimisha kwamba flashi ya rafiki ni salama kuliko tovuti ya mwenyewe. Ukweli ni kinyume. Ukimya wa mlinzi hauna maana kwamba mgeni amekaguliwa. Huenda mlinzi hakumwona akiingia. Kwa anayepokea programu kwa flashi, ulinganishaji wa alama ya vidole unahitajika zaidi, na mfuatano wa herufi 64 unaweza kusomwa kwenye simu kwa data kidogo sana.

Vilevile, SmartScreen huhitaji mtandao ili kuuliza habari za faili. Mtandao ukikatika, hutoa ujumbe kwamba haipatikani kwa sasa. Huo si ushahidi kwamba faili ni mbaya au nzuri. Ni mlinzi anayekiri kwamba simu yake haishiki.

Hatua za Kufuata

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza hatua zifuatazo kwa mwanafunzi anayezuiliwa kutumia programu anayoiamini.

Kwanza, asome onyo lote na kubainisha ni sauti ipi kati ya zile tatu. Pili, ahakikishe chanzo: programu ipakuliwe kutoka tovuti ya muundaji au ya taasisi yake, si kutoka kurasa zinazokusanya programu za wengine na kuzifungasha upya. Tatu, atazame jina kamili la faili, hadi herufi zake za mwisho. Nne, alinganishe alama ya vidole ikiwa imechapishwa. Tano, aulize mwenzake au mhadhiri anayeitumia programu hiyo. Kuuliza si ujinga.

Akiridhika, aifungulie mlango programu hiyo moja tu. Katika kisanduku cha SmartScreen kuna maandishi madogo yenye maana ya "Maelezo zaidi". Yakibofywa, hutokea kitufe cha kuendelea hata hivyo. Njia nyingine ni kuibofya faili kwa upande wa kulia wa kipanya, kufungua sifa zake, na kuweka alama penye neno la kuondoa kizuizi. Kwenye Mac, tangu toleo la Sequoia la Septemba 2024, njia ya mkato iliyozoeleka iliondolewa. Sasa mtumiaji hujaribu kufungua programu, hukataliwa, kisha huenda kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya faragha na usalama, ambako kitufe cha kuruhusu hudumu kwa takriban saa moja. Kwenye simu za Android, tangu toleo la 8 la mwaka 2017, ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje ya duka rasmi hutolewa kwa kila chanzo peke yake, na inafaa kuifunga tena kazi ikishaisha.

Yapo mambo mawili ya kuepukwa kabisa. La kwanza ni kuzima ulinzi wote kwa ajili ya programu moja. Hiyo ni sawa na kung'oa lango ili mgeni mmoja apite. La pili ni kukwepa vizuizi vya tarakilishi za maabara ya chuo. Hizo zina msimamizi, na ni yeye anayestahili kuombwa.

Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Itakuwa kosa kuhitimisha kwamba kilichotiwa sahihi ni salama daima. Mwaka 2017, toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha tarakilishi, lilisambazwa likiwa na sahihi halali ya kampuni yake, ilhali wavamizi walikuwa wamekwisha kupenyeza msimbo wao kabla ya sahihi kutiwa. Zaidi ya watumiaji milioni mbili walilipokea. Juni mwaka huohuo, maboresho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu iliyotumiwa sana nchini Ukraine, yaligeuzwa kuwa njia ya kusambazia NotPetya, iliyoangamiza data za makampuni katika nchi nyingi.

Mifano hii inatukumbusha kwamba uaminifu hupungua na kuongezeka, na kwamba hakuna hatua yoyote kati ya tulizozitaja inayotosha peke yake. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, kinga ya mwisho ni nakala. Rekodi ziwe na nakala mbili zaidi, angalau moja ikae nje ya tarakilishi na ichomolewe baada ya kunakili, kwani programu hasidi hushambulia pia diski iliyochomekwa. Aidha, anayegundua uvamizi nchini Kenya anaweza kuuripoti kwa KE-CIRT/CC, kituo cha kitaifa kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Onyo Kama Suala la Lugha

Tumalizie kwa linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Juhudi za kuisemesha tarakilishi Kiswahili hazikuanza jana. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na Microsoft nayo baadaye ilitoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows. Hata hivyo, tarakilishi nyingi tunazotumia bado hutuonya kwa Kiingereza, tena kile cha kiufundi. Mtu asiyeelewa swali hawezi kulaumiwa kwa kujibu ovyo.

Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kupambanua daraja za hatari. Ilani hutoa taarifa, tahadhari humtaka mtu awe macho, onyo hutaja dhara linaloweza kutokea, na katazo hufunga mlango. Tukiyatumia maneno haya kwa uthabiti, sauti tatu tulizozijadili zitatofautiana masikioni: "Ilani: programu hii haijulikani kwetu, je, wajua ilikotoka?" "Tahadhari: programu hii inaomba kubadilisha mfumo." "Katazo: faili hii imetambuliwa kuwa hasidi." Kazi ya kutafsiri jumbe hizi ni uwanja mzuri kwa wanafunzi wa tafsiri na isimu. Jumbe hizo ni fupi, lakini kila moja husomwa na mtu ambaye yumo katika kuamua.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba onyo la usalama linalozuia programu tunayoiamini mara nyingi ni swali kuhusu utambulisho, wala si hukumu. Tumeeleza chimbuko lake, tukabainisha sauti zake tatu, na tukafafanua sahihi na alama ya vidole kwa kuzilinganisha na desturi ya watunzi wa tenzi. Tumeonyesha pia kwamba programu inayofika kwa flashi inahitaji kukaguliwa zaidi ijapokuwa haizuiwi. Tunatoa wito kwa idara za Kiswahili zinazowaelekeza wanafunzi kutumia programu fulani ziambatishe, pamoja na jina la programu, anwani ya chanzo chake na alama yake ya vidole. Karatasi hiyo moja inaweza kumwokoa mwanafunzi aliye Chepsaita siku nzima ya kazi na, pengine, sauti za wazee zisizoweza kurekodiwa mara ya pili.